Kuelea, Kuzama na Kupima: Ujazo na Densiti ya Vitu Vilivyozamishwa

elea *kt* 1. kaa juu ya maji au kimiminika kingine bila kuzama: *Ngalawa inaelea.* 2. kuwa wazi akilini. Fahamika: *Somo la leo limenielea.*
Kinyume cha maana ya 1: *zama*.
Maneno ya ukoo wake: *eleza, elewa, maelezo, ueleaji, chelezo*.

Makala haya yanahusu maana ya kwanza, hasa inavyotumika katika fizikia: jinsi kuelea na kuzama kunavyotuwezesha kujua ujazo na densiti ya kitu ambacho hakipimiki kwa rula, kama vile jiwe, kinyago, pete au kizibo. Hesabu zake ni nyepesi. Mwanafunzi wa sekondari huzimaliza kwa mistari mitatu. Kinachowakwaza wanafunzi, na wafasiri pamoja nao, ni lugha, na chanzo cha tatizo ni kivumishi kimoja tunachokitumia kila siku: *-zito*.

1. Kivumishi -zito na maana zake tatu

Katika mazungumzo ya kawaida *-zito* hubeba dhana tatu ambazo fizikia huzitenganisha.

(a) *Gunia hili ni zito.* Hapa msemaji anataja uzito wa kitu kizima, yaani jinsi kinavyolemea mkono au mizani.

(b) *Uji huu ni mzito.* Hapa hakuna aliyepima chochote. Maana yake ni kwamba uji hautiririki kwa urahisi.

(c) *Chuma ni kizito kuliko mti.* Maana hapa ni kwamba ukichukua vipande viwili vya ukubwa mmoja, cha chuma kitalemea zaidi. Hii ndiyo densiti.

Tofauti hizi huonekana vitu vinapotiwa majini. Gogo la mwembe lililokauka, hata likiwa la kuchukuliwa na watu wanne, huelea. Msumari wa gramu chache huzama. Kwa maana (a) gogo ndilo zito, kwa maana (c) msumari ndio mzito, na maji hufuata maana (c) peke yake. Vivyo hivyo mafuta ya injini ni mazito kwa maana (b), lakini yakimwagwa majini hukaa juu, kwa sababu densiti yake ni ndogo kuliko ya maji.

Kwa hiyo sentensi kama *kitu kizito huzama* si kosa la sarufi, ila haimwambii msomaji ni uzito gani unaokusudiwa. Katika maandishi ya kisayansi iandikwe: *kitu chenye densiti kubwa kuliko ya kimiminika huzama*.

Hata kauli kwamba mti huelea ina mipaka yake. Mpingo, mti mweusi unaopendwa na wachonga vinyago, una densiti inayozidi ya maji, na kipande chake huzama kama jiwe.

2. Istilahi zinazohitajika

tungamo – kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Kipimo chake ni gramu au kilogramu. Halibadiliki kitu kikiwa hewani, majini au mwezini.

uzito – kani ambayo dunia hukivutia kitu. Katika fizikia hupimwa kwa nyutoni. Katika lugha ya sokoni neno hili hutumika pia mahali pa tungamo, na matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka. Mwandishi wa sayansi hana budi kuyatenga.

uzani – neno la kipimo cha mizani. Limetokana na Kiarabu *wazn*, na *mizani* imetoka katika mzizi uo huo. *Uzito*, kwa upande wake, limejengwa juu ya shina la Kibantu. Mwandishi achague moja na kulishika katika kazi yake yote.

ujazo – nafasi ambayo kitu huchukua. Neno limetokana na *jaa*, kwa hiyo wanafunzi hulifikiria kwanza kuwa ni kiasi cha kujaza chombo, wakashangaa kusikia kwamba jiwe, ambalo halijazwi kitu, nalo lina ujazo. Maelezo yanayosaidia ni haya: ujazo wa jiwe ni nafasi ambayo maji hulazimika kuiacha jiwe linapoingia. Hupimwa kwa mita za ujazo, sentimita za ujazo au mililita. Sentimita moja ya ujazo ni sawa na mililita moja.

densiti – tungamo la kitu likigawanywa kwa ujazo wake. Baadhi ya waandishi hutumia *msongamano*, lakini neno hilo limekwisha kushika maana ya watu au magari kubanana. *Densiti* haimpotezi msomaji.

densiti linganishi – densiti ya kitu ikigawanywa kwa densiti ya maji. Haina kipimo, ni namba tupu.

kani ya kuelea – kani ambayo kimiminika hukisukuma kitu kuelekea juu. Jina hili lina mtego: kani hiyo hukisukuma hata kitu kilichozama hadi chini. Jiwe lililolala sakafuni mwa kisima nalo linasukumwa juu, isipokuwa msukumo hautoshi kuliinua. Anayevuta ndoo kutoka kisimani huijua kani hii mikononi mwake: ndoo huwa nyepesi ikiwa majini, kisha hulemea mara inapotoka.

-hamisha – sukuma maji kutoka mahali yalipokuwa. *Maji yaliyohamishwa* ni istilahi bora kuliko *maji yaliyomwagika*, kwa kuwa maji humwagika pale tu chombo kilipokuwa kimejaa pomoni. Chombo kisipojaa, maji hupanda, na yanayohamishwa ni yale yale.

-zamisha – tia kitu ndani ya maji mpaka kifunikwe. *Kitu kilichozamishwa* si lazima kiwe *kimezama*: kizibo kinaweza kuzamishwa kwa nguvu, lakini hakizami chenyewe.

3. Kanuni

Kanuni ya Archimedes yaweza kuandikwa hivi: *kitu kilichotiwa katika kimiminika, chote au sehemu yake, husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa kimiminika kilichohamishwa.*

Archimedes aliishi Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, akafariki mwaka 212 KK. Alishughulikia jambo hili katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea.

Katika kanuni hii mfasiri asikose kuona maneno *uzito wa kimiminika*. Kani hiyo haitegemei uzito wa kitu kilichotiwa. Mpira wa chuma na mpira wa kioo vyenye ujazo mmoja, vikizamishwa vyote, husukumwa kwa kani ile ile.

Njia zote zitakazofuata zinasimama juu ya jambo moja lenye manufaa: sentimita moja ya ujazo ya maji safi ina tungamo la takriban gramu moja. (Katika nyuzi 20 za Selsiasi ni gramu 0.998.) Hivyo anayejua gramu za maji yaliyohamishwa amekwisha kujua ujazo wa kitu kwa sentimita za ujazo. Anayetumia maji ya bahari hana budi kugawanya kwa 1.025, ambayo ndiyo densiti yake ya kawaida.

4. Njia nne za kupima

*Njia ya kwanza: kuning'iniza.* Kitu hufungwa kwa uzi na kutundikwa kwenye mizani ya springi. Husomwa kwanza hewani, kisha kikiwa kimezamishwa bila kugusa chini wala ubavu wa chombo.

Mfano: jiwe la itale.
Mizani hewani: gramu 540.
Mizani jiwe likiwa majini: gramu 340.
Tofauti: gramu 200, kwa hiyo ujazo ni sentimita za ujazo 200.
Densiti: 540 ÷ 200 = gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo.

*Njia ya pili: chombo juu ya mizani.* Hii yafaa kwa mizani ya kidijitali ya jikoni. Chombo chenye maji huwekwa juu ya mizani, kisha mizani hurudishwa kwenye sifuri. Kitu huteremshwa kwa uzi mpaka kifunikwe, bila kugusa chini. Mizani itapanda, ingawa kitu kimeshikwa kwa mkono: maji yanakisukuma kitu juu, nacho kinayasukuma maji chini kwa kani iyo hiyo. Gramu zinazoonekana ni gramu za maji yaliyohamishwa. Uzi ukilegezwa na kitu kikatua chini, mizani itaonyesha tungamo lote la kitu. Vipimo viwili vimepatikana kwa chombo kimoja.

Mfano: kinyago kinachosemwa kuwa cha mpingo.
Kikining'inia majini: gramu 300, ujazo ni sentimita za ujazo 300.
Kikitua chini: gramu 372.
Densiti: 372 ÷ 300 = gramu 1.24 kwa sentimita ya ujazo.

Namba hiyo yaoana na mpingo. Mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi ungeelea, na mnunuzi angejua hata kabla ya kupiga hesabu.

*Njia ya tatu: kitu kinachoelea.* Kizibo hakiwezi kupimwa kwa njia mbili zilizotangulia mpaka kizamishwe. Hapa hutumika chubwi, yaani kipande cha risasi ambacho wavuvi hufunga kwenye mshipi ili uzame. Chubwi huning'inizwa majini peke yake na kusomwa. Kisha hufungwa pamoja na kizibo, vyote vikazamishwa, na kusomwa tena.

Mfano:
Kizibo hewani: gramu 12.
Chubwi peke yake majini: gramu 80.
Chubwi na kizibo, vyote majini: gramu 42.

Kizibo kimeinua mizani kwa gramu 38. Lakini maji yalikuwa yamebeba pia gramu 12 za kizibo chenyewe; kwa hiyo kani yote ya kuelea juu ya kizibo ni ya gramu 12 + 38 = 50. Ujazo wa kizibo ni sentimita za ujazo 50, na densiti yake ni 12 ÷ 50 = gramu 0.24 kwa sentimita ya ujazo. Mwanafunzi anayesahau zile gramu 12 hupata ujazo wa 38, na densiti iliyozidi kwa karibu theluthi moja.

*Njia ya nne: densiti ya kimiminika.* Jiwe lile la itale likitiwa katika mafuta ya taa, mizani yaweza kuonyesha gramu 380, yaani upungufu wa gramu 160. Ujazo wa jiwe ni ule ule, sentimita za ujazo 200; kwa hiyo densiti ya mafuta ni 160 ÷ 200 = gramu 0.8 kwa sentimita ya ujazo.

Laktomita, kipimo cha maziwa, hutumia kanuni hiyo hiyo kwa kuelea. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini. Maziwa ya ng'ombe yana densiti ya karibu 1.03; yakichanganywa na maji, densiti hupungua na laktomita huzama zaidi. Hata hivyo malai ni mepesi kuliko sehemu nyingine ya maziwa, na kuyaengua huongeza densiti. Anayeengua malai kisha akatia maji kwa kipimo anaweza kuirudisha laktomita mahali pake. Kwa sababu hiyo kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha kwamba maziwa ni halisi.

Mambo ya kuangalia. Viputo vya hewa vilivyonata kwenye kitu huongeza ujazo. Tone la sabuni majini husaidia kuviondoa. Vitu vyenye matundu, kama jiwe la matumbawe au tofali, hunywa maji, na mizani haitulii. Hupakwa nta nyembamba kwanza, na ujazo wa nta hutolewa katika hesabu. Kufuli, bangili yenye uwazi ndani na vitu vya namna hiyo hutoa densiti ya kitu kizima pamoja na hewa iliyomo, si densiti ya madini yake.

5. Taji la Syracuse: kumwagika kwa maji au mizani?

Kisa kinachojulikana zaidi katika somo hili kimesimuliwa na Vitruvius, mjenzi wa Roma wa karne ya 1 KK. Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu atengeneze taji. Taji likaletwa likiwa na uzani ule ule, lakini pakawa na shaka kwamba sonara ameiba sehemu ya dhahabu na kuijazia kwa fedha. Archimedes, kwa masimulizi ya Vitruvius, aliitambua hila hiyo kwa kulinganisha maji yaliyohamishwa na taji na yale yaliyohamishwa na dhahabu safi.

Walimu husimulia kisa hiki kwa kutaja maji yanayomwagika. Tupige hesabu. Tuseme taji lilikuwa la gramu 1,000, na gramu 300 kati yake zilikuwa fedha. Densiti ya dhahabu ni 19.3, ya fedha 10.5.

Dhahabu safi gramu 1,000: sentimita za ujazo 51.8.
Dhahabu gramu 700 na fedha gramu 300: 36.3 + 28.6 = sentimita za ujazo 64.9.
Tofauti: kama sentimita za ujazo 13.

Katika bakuli la kipenyo cha sentimita 20, tofauti hiyo ingepandisha maji kwa milimita 0.4 tu. Matone yanayobaki ukingoni yangetosha kuificha. Lakini taji likiwekwa katika sahani moja ya mizani na gramu 1,000 za dhahabu safi katika nyingine, vikasawazika hewani, kisha sahani zote mbili zikazamishwa, upande wa taji ungeinuka kwa gramu 13. Mizani ya sonara huona hata gramu moja.

Galileo aliona jambo hili. Mwaka 1586, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika risala fupi iitwayo *La Bilancetta*, maana yake mizani ndogo, akieleza kwamba njia inayomstahili Archimedes ni ya kupima ndani ya maji. Karne nyingi kabla yake, mwaka 1121, al-Khazini, mwanazuoni wa Merv, alikuwa amekamilisha kitabu cha Kiarabu *Kitab Mizan al-Hikma*. Ndani yake alieleza mizani yenye sahani ya majini, na kukusanya densiti linganishi za madini na vito, akitegemea pia vipimo vya al-Biruni. Jina la kitabu hicho karibu halihitaji kufasiriwa kwa Kiswahili: *Mizani ya Hekima*.

Njia hii haina neno la mwisho katika kila jambo. Pete yenye tungamo la gramu 9.3 na ujazo wa sentimita za ujazo 0.6 ina densiti ya 15.5, nayo yalingana na dhahabu ya karati 18. Lakini tangsteni ina densiti ya karibu 19.3, sawa na ya dhahabu safi. Maji hayawezi kuzitofautisha. Densiti isiyolingana huthibitisha kwamba kitu sicho; densiti inayolingana huonyesha tu kwamba chaweza kuwa ndicho.

6. Makosa ya matumizi

*Si sahihi:* Tungamo la jiwe majini ni gramu 340.
*Sahihi:* Jiwe likiwa majini, mizani inaonyesha gramu 340.
Tungamo halikupungua. Kilichopungua ni kani inayovuta mizani.

*Si sahihi:* Kitu huhamisha maji yenye uzito sawa na wake.
*Sahihi:* Kitu kinachoelea huhamisha maji yenye uzito sawa na wake. Kitu kilichozamishwa huhamisha maji yenye ujazo sawa na wake.
Hili ndilo kosa linaloharibu majibu mengi. Sentensi ya kwanza ni kweli kwa mashua, si kweli kwa jiwe.

*Si sahihi:* Jiwe limezama kwa sababu halina kani ya kuelea.
*Sahihi:* Jiwe limezama kwa sababu uzito wake unazidi kani ya kuelea.

*Si sahihi:* Meli huelea kwa sababu chuma chake ni chepesi.
*Sahihi:* Meli huelea kwa sababu densiti ya meli nzima, pamoja na hewa iliyomo, ni ndogo kuliko ya maji.
Bamba la chuma lenye densiti ya 7.9 huzama, bamba hilo likikunjwa na kuundwa kuwa chombo, hulazimisha maji mengi yaondoke na hivyo hubebwa. Methali *Ukiona vyaelea, vimeundwa* hutumika kumkumbusha mtu kwamba mafanikio anayoyaona yametanguliwa na kazi. Kwa meli ya chuma methali hiyo ni kweli neno kwa neno: chuma hakikubadilika densiti, umbo ndilo lililobadilika.

Tanbihi kwa mfasiri. Kila unapokutana na *-zito* au *-epesi* katika maandishi ya sayansi, jiulize: kitu hiki kikikatwa nusu, je, sifa hii itabaki vile vile? Ikipungua nusu, andika *uzito* au *tungamo*. Isipobadilika, uliza swali la pili: je, inahusu kutiririka? Kama ndiyo, eleza kwa maneno, *hutiririka polepole*. Kama sivyo, andika *densiti*.